Ushuhuda Niliotoa Kabla ya Kupona

Rwezamenyo, Kigali
Jumamosi jioni, kabla hujarudi

Keza wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kibagabaga kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako, hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kusikiliza habari za ukoo mzima. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, nimesukuma mkasi na chaki pembeni, nimefungua mlango ili hewa ipite. Mama Zainabu hapo jirani anamfokea mteja aliyenenepa kabla gauni halijaisha. Kila kitu kiko kama siku zote, isipokuwa sanduku lako limesimama hapo ukutani na kila nikiinua macho naliona.

Sitakuandikia habari za kufua, kupika na kurudi chumbani mapema. Hayo nimeyasema miaka yote mpaka nimejichosha mwenyewe. Ukifika Mwanza utayasahau yote, halafu utayakumbuka moja moja wakati umeshachelewa, kama nilivyofanya mimi. Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa wewe na mimi tunagombana kwa Kinyarwanda. Ndiyo lugha niliyokulia Bujumbura, ndiyo bibi yako aliyonifundishia kusali, na huko uendako utaishi nayo. Watakucheka mwanzoni. Ukiwaambia "mgonjwa iko huku" na "mimi iko nakuja", wauguzi wenzako watashika mbavu. Cheka nao, usinune. Unaponuna unafanana na shangazi yako.

Sasa jambo lenyewe. Jana ulitoa nguo kwenye sanduku ukazirudisha kabatini. Ulidhani niko nje. Halafu ukaja jikoni, ukawa unakoroga uji bila kunitazama, ukasema, "Mama, naona niombe chuo wanisogezee mpaka mwaka ujao. Mwaka mmoja tu, mpaka mguu wako upate nguvu."

Na mimi nikafanya nini? Nikainuka, nikaiacha fimbo ikiegemea ukuta, nikabeba beseni la maji machafu nikapita mbele yako kwa madaha kama msichana anayekwenda kuchumbiwa. Nikayamwaga nje, nikageuka, nikasema, "Unaona? Mimi ni mzima. Nenda zako." Nusu ya maji yalikuwa yameshamwagika miguuni pangu. Wewe ulitazama sakafu, ukachukua tambara, ukapangusa.

Nililala nimejichukia, mwanangu. Maji si kitu. Kilichoniuma ni kwamba mchezo ule naujua. Nilishawahi kuucheza mbele ya watu wengi, nikaucheza vizuri sana, na nusura umuue mtu. Wewe ulikuwa shule ya bweni wakati huo, na likizo ulikaa kwa shangazi yako. Kikundi chetu cha sala kinaijua habari yote, Mama Zainabu anaijua kuliko wote, kaka yako Eric anaijua. Wewe uliukuta mwisho wake tu: ulirudi likizo ukanikuta na fimbo, na mota imefungwa kwenye cherehani. Hukuuliza sana na mimi sikusema sana. Leo nakusimulia, kwa sababu jana usiku, baada ya yale maji, sikutaka kukubali kwamba nimerudi palepale.

Unajua kiharusi kilinikuta nikikata sare za kwaya za Pasaka. Mkasi uliniponyoka, nikainama kuuokota, sikuinuka. Hospitali walinirudisha nyumbani nikiwa na uhai, mdomo ulionyooka kiasi, mkono wa kushoto unaojibu ukiitwa mara nyingi, na mguu wa kushoto ambao hata leo unanisikiliza pale unapotaka. Baba yako alikuwa ameshatuacha miaka mingi. Eric alikuwa na kazi zake gereji kule Gatsata na mke aliyejifungua karibuni. Waliobaki walikuwa kikundi cha Alhamisi, na walikuja. Nisiwasingizie, walikuja kweli. Walileta uji, walileta kuni, waliniogesha. Na kila Alhamisi walitandika mkeka hapa hapa chumbani na kuniombea mpaka jasho linawatoka.

Mzee Kanisius ndiye aliyekuwa akiongoza. Unaijua sauti yake, akisema "Bwana" hata panya wanaacha walichokuwa wakila. Kila alipomaliza kuomba alinigeukia na kuuliza, "Mama Eric, sasa unasikia namna gani?"

Na kila Alhamisi nilijibu, "Nafuu kidogo."

Ungejibu nini? Kikongwe mmoja alikuwa amefunga kwa ajili yangu, midomo yake mikavu. Watu wameacha biashara zao. Kwetu mtu akiuliza hali yako unasema ni nzuri, na ikiwa mbaya unasema ni nzuri taratibu. Ni adabu tuliyolelewa nayo. Kwa hiyo niliongeza nafuu kidogo juu ya nafuu kidogo, wiki baada ya wiki, na kwa hesabu ya maneno yangu mwenyewe nilipaswa niwe nacheza ngoma.

Halafu ikatangazwa siku ya ushuhuda, Jumapili moja kabla ya Noeli. Unajua tulivyo: mtu akiombewa haishii hapo. Lazima asimame mbele ya watu aseme Mungu alichomtendea, naye asiposimama anabaki akitazamwa kama mgeni aliyekula akaondoka bila kushukuru. Mzee Kanisius alitaja siku, wote wakanigeukia kwa nyuso zinazong'aa. Hakuna aliyenilazimisha. Walifurahi mapema tu.

Nikamwonea Mungu aibu. Sijui nikueleze vipi. Niliona kama watu wamemwamini kwa ajili yangu, na sasa yeye amechelewa, na mimi ndiye nitakayemfedhehesha nikifika pale na fimbo. Nikaona afadhali nimsitiri. Kumsitiri Mungu, Keza! Mimi, fundi cherehani wa Rwezamenyo, nimsitiri Mungu kama anavyositiriwa mjomba mlevi siku ya harusi.

Jumapili ile niliiacha fimbo nyumbani. Nilitembea nikishika benchi moja baada ya jingine kama mtu anayesalimia watu njiani, nikafika mbele, nikasema, "Bwana asifiwe. Nilikuwa siwezi kusimama, na leo nimesimama. Nimepona." Kusimama nilisimama, hiyo ilikuwa kweli, kwa muda wa kusema maneno hayo. Ngoma ikalia. "Imana ishimwe! Imana ishimwe!" wakaimba, Mungu asifiwe, na yule kikongwe akacheza na midomo yake mikavu. Nikalia, wao wakadhani ni furaha. Nilikuwa nikiomba nisianguke.

Mtu aliyepona haombewi. Hilo sikulifikiria. Alhamisi iliyofuata mkeka ulitandikwa kwa mtu mwingine, kwa haki kabisa. Uji ukaacha kuja. Sikuthubutu kutoka na fimbo, kwa hiyo sikutoka. Nilifunga pazia nikakata vitambaa nimekaa, nikasingizia baridi, nikasingizia wageni, nikasingizia kazi nyingi. Siku ya misa nilitoka alfajiri nikitambaa na kuta za watu ili nifike kabla ya macho kufika. Nikawa na maumivu niliyokuwa nayo zamani, nikaongeza na ya kuyaficha. Na usiniulize kuhusu sala. Nilikuwa ninamtamkia Mungu maneno mazuri kwa mdomo wa kichungaji, kama mtu anayeongea na bosi. Nitamwambiaje anisaidie mguu wakati nimeshatangaza amenisaidia?

Hayo yangekuwa yangu peke yangu ningeyameza mpaka leo. Unanijua ninavyoweza kumeza. Lakini akaja Donata.

Huyu Donata unayemjua, anayetuletea maparachichi. Wakati ule alikuwa amehamia Gatsata na hatukuwa tunafahamiana. Moyo wake mgonjwa, kipande kidogo cha mlima kinamkalisha chini. Alisikia habari zangu, akashuka mpaka Nyabugogo na kupanda mpaka huku ili anione. Alikaa kwenye kigoda hicho, akahema, akanitazama kama unavyotazama picha ukutani.

"Mama Eric, uniambie ulifanyaje. Ulifunga namna gani? Ulisema sala ipi?"

Nikasema niliomba tu.

"Hata mimi naomba. Mbona mimi hanisikii? Basi imani yangu ndiyo mbovu."

Nilikuwa na fimbo chini ya meza hii, nimeikanyaga ili isionekane, na nikanyamaza. Akarudi mara ya pili akiwa amevimba miguu, uso unang'aa. Alikuwa ameacha vidonge. Eti ili Mungu aone anamwamini kweli, kama nilivyomwamini mimi. Nikashtuka, nikamwambia avirudie siku hiyo hiyo, daktari si adui wa Mungu, nikasema yote niliyokuwa nayo ila neno moja lililotakiwa. Akatabasamu, akanishika mkono huu huu mbovu. "Mama, wewe ulipona. Wewe unaweza kuongea hivyo."

Alipoondoka nilitaka kumkimbilia. Sikuwa na miguu ya kumkimbilia mtu. Nilisukuma mlango wa nyuma nipitie uani nimuite, nikajikwaa kwenye jiwe la kufulia, nikaanguka kifudifudi katikati ya shuka zilizoanikwa. Kamba ikakatika, shuka zikaniangukia. Nilikuwa nasikia redio ya jirani na sikuweza kuita, kwa sababu nikiita watakuja, na wakija wataona.

Mama Zainabu ndiye aliyenikuta, alikuja kuazima uzi mweusi. Akaniondolea shuka usoni.

"He! Mama Eric! Si ulipona wewe? Sasa huku chini iko nini?"

"Sijapona."

"Ulisema umepona. Mpaka kule sokoni walisema."

"Nilisema. Sijapona."

Akakaa chini, yeye na mwili wake wote, kwenye udongo wenye maji. Hakunihurumia hata kidogo, na namshukuru kwa hilo. Akauliza, "Na Mungu wako ulimwambia nini? Naye ulimwambia umepona?"

Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja. Akanisubiri. Halafu akasema, "Sisi bwana, mtu akishindwa kusimama anaswali amekaa. Akishindwa kukaa, anaswali amelala. Mama yangu aliswali kwa macho tu mwaka mzima, mwili umekwisha. Hakuna mtu alimwambia asimame kwanza. Nyinyi nani aliwaambia mpaka usimame?"

Alininyanyua, akanisafisha matope, akanifunga kitambaa gotini, na uzi wake mweusi akasahau kuuchukua.

Kwaresima ilikuwa imeanza. Ijumaa ile nilikwenda kwenye Njia ya Msalaba, na fimbo yangu, nikakaa nyuma kabisa kwa sababu kupiga magoti siwezi. Njia ya Msalaba nimeifuata tangu nikiwa mtoto kule Bujumbura, najua kila jibu nikiwa nasinzia. Na sijui nilikuwa nasikiliza nini miaka yote hiyo, maana siku ile ndipo nilisikia kwamba Yesu anaanguka. Anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Mbele kidogo anaanguka mara ya tatu. Na katikati mtu aliyekuwa anapita njia zake, ametoka shambani, anashikwa abebe msalaba pamoja naye, na Bwana haukatai mkono wake. Hasemi, "Acha, mimi ni mzima." Nilitafuta kituo anaposema hivyo, hakipo.

Nilikaa pale benchi la nyuma watu wakiendelea mbele, nikamwambia Mungu kwa sauti ya kawaida, kama ninavyokwambia wewe: Nimechoka. Mguu haufanyi kazi. Nakukasirikia. Nimedanganya watu kwa ajili yako na hukuniomba. Kuna mwanamke atanifia mikononi. Nisaidie.

Mguu haukupona. Nakwambia wazi usije ukasubiri. Lakini, Keza, tangu siku ile ya kiharusi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba kuna mtu upande wa pili. Nilikuwa kama mtu anayepiga simu kwa jina la uongo, na sasa nimetaja jina langu. Niliinuka pale nikiwa na mguu uleule na hofu imeniisha. Naweza kuapa kwa hilo mbele ya mtu yeyote.

Alhamisi Mama Zainabu alinisindikiza mpaka mlango wa nyumba waliyokutania, akaniambia, "Ingia, nitakaa hapa nje, wakikupiga nitasikia." Niliingia na fimbo. Donata alikuwamo, nilikuwa nimemtumia ujumbe aje, Eric akamleta kwa gari la mteja. Zilipofika shuhuda, nikaomba nafasi. Sikusimama. Nilikaa kwenye kiti nikasema, "Ile Jumapili nilisema nimepona. Sikupona. Nilivyokuwa ndivyo nilivyo. Vidonge vyangu viko hapa kwenye mkoba, navinywa kila asubuhi na sijaviacha hata siku moja. Mungu hakudanganya. Mimi ndiye nilidanganya, kwa kumwonea aibu."

Mzee Kanisius alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mama Eric," akasema, "hii maneno tutaambia watu namna gani? Watu wote walisikia. Hata padri alisikia."

"Waambie nilivyosema, Mzee."

"Lakini tuliomba! Kweli tuliomba!"

"Mliomba, na yeye alikuja. Aliniletea uji wenu. Mimi ndiye niliyewafukuza, nyinyi na yeye."

Donata akatoa sauti, na mwanzoni tulidhani moyo unamsumbua. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe si mimi tu," alikuwa akirudia. "Kumbe si mimi tu." Usiku huo alikunywa vidonge vyake, na mpaka leo anavinywa, anapanda mlima wa Gatsata akipumzika kila kona na kumsalimia kila mtu wa kila kona.

Nisikudanganye kwamba wote walinikumbatia. Wengine walisema nimeliaibisha kundi. Mzee Kanisius hakunisalimia kwa muda mrefu. Nililia sana, kwa sababu nampenda yule mzee. Halafu siku moja alikuja hapa na suruali ya kupunguza, suruali isiyohitaji kupunguzwa hata kidogo, akakaa, akasema bila kunitazama, "Mimi sikio hili halisikii tena. Na la pili linakufa. Nyimbo naongoza kwa kutazama midomo yenu." Hakuwa amemwambia mtu, hata mke wake. Nikachukua vipimo vya suruali, na tukaongea mpaka chai ikapoa. Siku hizi anasimama karibu na kinanda, anaweka kiganja juu ya mbao, na wote tunajua kwa nini.

Na mimi kazi ilirudi. Eric alinifungia mota nikawa sihitaji mguu kwenye cherehani. Mama Zainabu ananikatia vitambaa vizito, nami namshonea kola, maana kola zake unazijua. Nilivyokuwa mzima nilikuwa nafanya kila kitu mwenyewe na kununa. Sasa naomba msaada mara kumi kwa siku, na nina nguvu kuliko nilipokuwa na miguu miwili. Silisemi hilo kwa kujifariji. Nakwambia nilichokiona. Nguvu haikuja mguuni nilipoitaka, ilikuja nilipokuwa sina tena pa kujificha, na haijaondoka.

Kwa nini nakwambia haya yote leo badala ya kukufungia chapati? Kwa sababu ya siku ile matokeo yako ya mtihani yalipotoka mabaya, ule mwaka kabla hujarudia. Nilikupigia simu shuleni nikakuuliza hali. Ukasema, "Niko sawa, Mama. Nafuu." Nilikaa na simu mkononi. Ilikuwa sauti yangu ileile. Hukuipata kwa jirani, uliichukua hapa nyumbani, kwenye maziwa. Ulijifungia na huzuni ile peke yako mpaka mwalimu wako akaniambia huli. Nilisema nitalizungumza na wewe, miaka ikapita, na jana nikakufundisha tena kwa beseni la maji.

Utakuwa dhaifu huko, mwanangu. Sikutakii, lakini ninajua. Utafika wodini siku ya kwanza na utasahau kila ulichofundishwa. Mgonjwa uliyemlisha asubuhi atakufa mchana na utaambiwa utandike kitanda. Kuna Jumapili utasikia wenzako wanaongea na mama zao chumba cha pili, na ziwa lote lile la Mwanza halitakuwa na maana yoyote. Siku hiyo usimtolee Mungu ushuhuda ambao hajakupa. Mwambie ulivyo. Ukiwa na hasira mwambie kwa hasira. Ukishindwa kupiga magoti, kaa. Yeye ameshawahi kuanguka njiani mbele ya watu, hatakushangaa. Halafu mtafute mtu mwenye mikono umwambie pia, maana mara nyingi Mungu humjibu mtu kupitia kwa jirani aliyekuja kuazima uzi.

Na wagonjwa wako watakwambia "nafuu kidogo". Waulize tena. Vuta kiti, uwaulize mara ya pili kama mtu ambaye hana haraka.

Mimi bado ninamwomba aniponye mguu. Kila siku, bila haya. Kwa nini hajafanya sijui, na sitajifanya najua. Lakini simwogopi tena na simfichi, na nikikaa hapa asubuhi kabla wateja hawajaja, tunaongea kama watu waliofahamiana kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo mali niliyo nayo, Keza. Nyingine zote unazijua na ni chache.

Sasa kuhusu mwaka wako mmoja. Umepigania nafasi hii, ukarudia mtihani, ukashinda. Ukibaki kwa ajili ya mguu wangu, utabaki ukiutazama kila asubuhi kuona kama umepona, na mimi nitaanza tena kubeba mabeseni. Tutadanganyana kwa mapenzi mpaka tuchokane. Eric atalala hapa siku za mwanzo, Mama Zainabu ameshasema atagonga ukuta kila asubuhi na nisipojibu atavunja mlango, na unajua atauvunja kweli hata nikijibu. Alhamisi mkeka unatandikwa. Sikosi watu. Nitakukosa wewe, na hilo halina tiba, wala kuahirisha si tiba yake.

Nasikia mtu anamsalimia Mama Zainabu hapo nje, na kicheko ni chako. Nimalizie.

Kesho asubuhi, Eric akishapakia mizigo, utanigeukia mlangoni. Najua utakavyosimama. Utaniuliza, "Mama, utakuwa sawa?" Nimetafuta jibu tangu jana na nimelipata, na nalitanguliza hapa nisije nikaogopa mbele ya macho yako. Hapana, mwanangu. Sitakuwa sawa. Nitalia ukishakunja kona, mguu utanisumbua, na jioni nitapika sufuria kubwa kwa mazoea. Nitakuwa hivyo, na Mungu atakuwa hapa nami nikiwa hivyo hivyo.

Panda gari, uende.

Mama yako